Akina baba hawaonekani shuleni, tuanzie wapi?

Swali
Shule ya msingi, darasa la kwanza hadi la nne. Vikao vya wazazi vinajaa akina mama. Baba wachache wanaofika husimama karibu na mlango. Kamati inataka kuandaa "siku ya akina baba". Itasaidia kweli, au tutapiga picha na kuachana?

Jibu 1
Kabla ya siku yoyote, fungueni daftari la uandikishaji mhesabu: watoto wangapi wameandikiwa namba ya simu ya baba? Mara nyingi ipo ya mama tu, kwa hiyo baba anapata habari kikao kimeshapita. Jazeni pengo hilo kwanza. Barua ya "Mzazi mpendwa" nayo huishia kwa mama. Andikeni jina la baba, au mtoto aandike mwenyewe: "Baba, njoo Jumamosi saa 3 uone daftari langu la hesabu." Ipelekwe wiki mbili kabla, na ukumbusho wa simu siku mbili kabla. Wazazi waliotengana, kila mmoja apate nakala yake, ya ripoti pia.

Jibu 2
Mpeni kazi yenye mwanzo na mwisho. "Tunaomba ushirikiano" haimwambii mtu ashike nini. "Tunahitaji watu sita, kwa muda wa saa mbili, kukaza skrubu za madawati 20, njoo na bisibisi" inajibika. Ila msiishie kwenye bisibisi! Siku hiyohiyo akae dakika 15 na mwanawe na kitabu. Mwalimu amwonyeshe: mtoto asome, akikwama, baba ahesabu moyoni hadi tano ndipo amsaidie. Wengine hawaji kwa kuogopa kuumbuka kwamba hawasomi vizuri. Hao mtoto awasimulie picha.

Jibu 3
Kinachoua mpango ni kikao cha kwanza kugeuka mchango. Kingine ni baba kuitwa mtoto anapokosea tu. Na kikao cha saa 4 asubuhi siku ya kazi mnamwitia nani? Wekeni saa 11 jioni, dakika 45, kianze kwa wakati hata wakiwa watatu. Tarehe inayofuata itajwe kabla hawajatoka.

Muulizaji
Na mtoto asiye na baba?

Jibu 1
Mwaliko useme "baba, babu, mjomba au mlezi", na mama anayelea peke yake asizuiwe. Mwalimu aongee na mtoto huyo kando kabla kadi hazijaanza kuandikwa, asije akakaa na karatasi tupu wenzake wakiandika. Wageni wote wajiandikishe langoni, na mtu mzima asiachwe faraghani na mtoto asiye wake.