Watu wa Mwanza tuna bingwa wetu wa 1990 halafu tunajaza uwanja wa Kirumba kushangilia wageni, INAUMA SANA

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira na sifichi, na mods naomba huu uzi msiuhamishie kwenye ule wa Simba na Yanga maana huo ndio ugonjwa wenyewe ninaoulalamikia hapa.

Jumamosi nimetoka Buhongwa nikashuka mjini kumtafutia mzee wangu jezi ya Pamba, timu yetu ya mpira hapa Mwanza, XL kwa sababu ana kitambi. Makoroboi nimezunguka karibu yote. Duka la mwisho nililoingia ukuta mzima ni jezi, Simba ipo nyekundu ipo na nyeupe, Yanga ipo, Arsenal, Man U, Madrid, mpaka ile ya pinki ya Inter Miami ya Messi zimepangwa saizi za watoto. Namuuliza kijana, Pamba ipo? Ananiambia "pamba ya kufungia kidonda bro? hiyo nenda famasi". Wakagongeana na mwenzie wanacheka. Hapo hapo Mwanza, hatua chache tu ufike uwanja wa Nyamagana!

Nilitoka bila kusema kitu maana ningesema ningetukana. Sasa nayasema hapa.

Dogo, Pamba ni bingwa. Mwaka 1990 hao hao Pamba, TP Lindanda, Wana Kawekamo, walichukua ubingwa wa Muungano, na kwa wasiojua Ligi ya Muungano haikuwa bonanza la mtaani, ile ilikuwa inakutanisha wakubwa wa Bara na wakubwa wa Zanzibar, hao Simba na Yanga unaowaning'iniza ukutani wakiwemo kwenye mbio hizo, na kombe likaja kulala huku ziwani. Timu ya kutoka Kanda ya Ziwa! Mzee wangu wakati huo alikuwa anauza dagaa pale mwaloni Kirumba na anasema siku ya mechi wanafunga magunia saa sita, hakuna wa kubishana bei, wanaosha miguu ziwani wanapanda uwanjani na harufu yao hivyo hivyo na hakuna aliyemkunjia mwenzie pua. Mechi ya mbali wanakaa kuzunguka redio, RTD ya taifa, watu thelathini redio moja ya mkulima na ole wako ukohoe.

Na mle ndani walikuwa wanacheza WATU. Fumo Felician, muulize mzee yeyote wa Kirumba, Mabatini, Kitangiri, akikutajia hilo jina angalia sura yake inavyobadilika. George Masatu. Hussein Masha. Nteze John. Khalfan Ngassa, baba yake Mrisho Ngassa, yule Mrisho mliyemshangilia Yanga, mkamshangilia Azam, mkamshangilia Simba, damu yake ni ya hapa na baba yake alikuwa Lindanda. Halafu nyie wenye jezi nyekundu mnaojivunia fainali ya Kombe la CAF ya 1993, ile mliyotoka sare Abidjan mkaja kufungwa 2-0 na Stella ya Ivory Coast nyumbani Dar, Masatu na Masha mliwatoa wapi? Mliwatoa Pamba. Yaani historia mnayotambia nusu yake imelelewa Mwanza halafu mtoto wa Mwanza ananiambia niende famasi.

Najua ilivyokufa, msinifundishe. Timu ilikuwa inakula kwa pamba, jina lenyewe linasema, na zao lilipoanza kuyumba na ushirika ukayumba, miaka ya tisini biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kila mwenye mfuko, hela ikakauka. Wachezaji wazuri wakaenda Dar mmoja mmoja. 2001 ikashuka. Sio kwamba Mwanza iliacha kuzaa wachezaji, iliacha kuwa na wa kuwalipa.

Baada ya hapo tumeishi kwa kuokoteza timu nyingine za hapa Mwanza. Toto African ikipanda inashuka, ikipanda inashuka. Mbao ikapanda 2016 na msimu ule ule ikamtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA hapa hapa Kirumba 1-0, ikaenda fainali Dodoma na Simba ikafa 2-1 dakika za nyongeza, Mei 2017, mimi siku ile sikulala. Alliance nao wakapanda. 2020 Mbao na Alliance wakashuka wote kwa mpigo, jiji zima hili na mpira wote huu tukabaki hatuna timu hata moja ligi kuu. Hata moja!

Kwa hiyo Pamba, sasa inaitwa Pamba Jiji, iliporudi ligi kuu 2024, zaidi ya miaka 20 imepita, mzee wangu alilia. Nimemuona kwa macho yangu amekaa kwenye ngazi ya mlango ameshika simu yangu anasoma ile habari, anairudia, anafuta kioo na shati anasoma tena. Mimi nilizaliwa Pamba ikiwa inaenda kufa, sikuwahi kuiona kwenye ubora wake, nilikuwa naiona kwenye mdomo wake tu. Nikamuahidi kila mechi kubwa nitampeleka.

Novemba ile ile Simba wakaja. Nikakata tiketi mbili, tukafika mapema sana kwa sababu hawezi kusukumana, nikamtafutia sehemu yenye kivuli. Wakuu, nilidhani nimeingia uwanja wa Dar. Nyekundu kila upande. Na sio kwamba wamekuja na mabasi, NAWAJUA, hao ni watu wa Igoma, Mkuyuni, Pasiansi, nyuma yetu kulikuwa na vijana wawili mmoja namuona kila asubuhi stendi Buhongwa. Kipa wetu kaokoa, mzee kasimama anapiga makofi, wakamwambia "mzee kaa chini unatuzibia". Akakaa. Hakujibu.

Ikaja ile penalti, Ateba wa Simba akaenda kupiga. Mzee wangu macho yamechoka, goli la upande wa pili haoni vizuri, yeye anafuata kelele za uwanja. Ule mpira ulipoingia Kirumba yote ikalipuka, mavuvuzela, watu wanakumbatiana, zege linatetemeka chini ya miguu, na mzee wangu akanyanyuka mikono juu akanigeukia anacheka, ananiuliza "tumefunga?"

Nikamwambia hapana baba, tumefungwa.

Alishusha mikono taratibu akakaa. Mpaka mechi inaisha 1-0 hakuniuliza kitu kingine. Tumetembea mpaka kwenye daladala kimya. Tangu siku hiyo nikimwambia twende uwanjani anasema mguu unauma, na mguu hauumi, nilimuona juzi anapanda ule mlima wa kwetu na ndoo ya maji mkononi.

Sasa najua kuna mtu ataleta ile ya mpira ni mapenzi, kila mtu na timu yake. Sawa. Kwani nani kakukataza kuipenda Simba au Yanga? Hizo timu zina mizizi huku tangu zamani, ile mechi ya 1974 ya kugombea ubingwa ilipigwa hapa Nyamagana, Simba akatangulia kwa Adam Sabu, Gibson Sembuli akachomoa mpira ukiwa unaenda kuisha, Sunday Manara akamaliza dakika za nyongeza, Yanga 2-1, wazee waliokuwepo wanaisimulia mpaka leo. Mzee wangu mwenyewe ni Yanga kindakindaki tangu ujana. Lakini Yanga ikija kucheza na Pamba yeye ni Pamba, hiyo kwao haikuwa mjadala, ya Dar unaipenda kwa mbali ila mtoto wako akipigana na mgeni humshangilii mgeni. Nendeni Tanga muwaone Coastal Union wanavyobebwa na watu wao, nendeni Mbeya. Sisi tumelogwa na nani?

Na wenye kazi ya kutengeneza na kusambaza jezi nao siwaachi. Mnategemea mtoto aipende timu ambayo haioni popote? Hana jezi dukani, hana picha ya Fumo kwenye daladala hata moja wakati za Ronaldo zimejaa, shuleni hakuna anayemwambia mkoa wako uliwahi kuwa bingwa. Huyo kijana wa famasi nimemkasirikia lakini nikifikiria vizuri, yeye angejulia wapi? Sisi wakubwa ndio tumekaa na hii habari vijiweni tunaimumunya wenyewe, wazee wanakufa nayo mmoja mmoja, na waliocheza ile timu wengine wako hapa hapa mjini wanapita barabarani hawasalimiwi. Angalau mechi za nyumbani waitwe, wakalishwe mbele, watu wawaone sura. Hiyo inahitaji bajeti gani?

Wale vijana wa nyuma yetu kama mmo humu JamiiForums, ndio ninyi ninaowasema. Yule mzee mliyemwambia akae chini alikuwa anaingia uwanja ule wakati mama zenu wako shule ya msingi.

Wakuu naomba vitu viwili. Mwenye picha ya kikosi cha Pamba cha 1990, hata ya gazeti iliyochakaa, aiweke hapa na majina kama anayajua, nitaiprinti kubwa. Na anayejua duka lolote Mwanza, Geita, Shinyanga, popote, lenye jezi ya Pamba XL aniambie leo, basi la asubuhi nalipanda. Mechi ijayo ya Kirumba nataka atoke nyumbani ameivaa, na safari hii nitakaa upande wake wa nyuma mimi mwenyewe.