Tupeane uzoefu: Chuo kikuu kilipofika kijijini kwenu, Mtwara na Lindi

Mwanzisha mada (Masasi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za majukumu. Nimefanya kazi ya ugani, yaani kuwashauri wakulima mashambani mwao, katika kata mbili za wilaya hii kwa miaka 14, na katika muda huo nimewapokea wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu mara nyingi. Ninachotaka tupeane uzoefu si kama miradi yao ni mizuri au mibaya, bali ni kitu kidogo ambacho naona ndicho kinachoamua yote: walifika mwezi gani?

Huku kusini mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huletwa Julai, vyuo vikiwa vimefungwa, na Septemba wameshaondoka. Kwa mkorosho hiyo ni bahati, maana ndiyo miezi ya maua na ya kupuliza dawa. Kwa karanga ni hasara, kwa kuwa wakati huo zimeshavunwa, zimeshamenywa, na nyingi zimeshauzwa.

Mwaka mmoja tuliletewa mafunzo ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa kwenye mazao, mwezi Agosti. Mwezeshaji alieleza vizuri sana namna ya kuanika karanga juu ya turubai au kichanja badala ya kuzitandaza chini kwenye udongo, na akina mama wakaitikia, lakini hapakuwa na karanga hata debe moja la kuonyeshea. Mwaka uliofuata alikuja mhadhiri mwingine, mtu wa makamo, akafika Mei na kukaa nasi siku tisa. Siku ya tatu, akiwa amekaa barazani kwa mama mmoja akisubiri chai, alimwona binti wa nyumba hiyo akinyunyizia maji karanga zenye maganda kwenye ungo. Akauliza kwa nini. Akajibiwa, kana kwamba ameuliza kwa nini watu hunawa kabla ya kula, kwamba ganda likilowa vidole haviumii wakati wa kumenya.

Katika mikutano yote tuliyofanya, jambo hilo halikuwahi kutajwa, kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni jambo. Mhadhiri hakukemea. Aliomba zitengwe karanga za mafungu mawili, fungu moja limenywe kavu na jingine limenywe baada ya kunyunyiziwa, kisha kila moja likafungwa katika mfuko wake na kuachwa kwenye ghala la mama yule. Mimi ndiye niliyeifungua mifuko hiyo wiki kadhaa baadaye, mbele ya majirani, na ule wa karanga zilizolowa ulikuwa na uvundo na ukungu wa kijani uliofanya wenye karanga wenyewe wanyamaze. Kwa simu alisisitiza niwaambie kuwa sumukuvu yenyewe haina rangi wala harufu, kwamba ukungu ni dalili tu, na kwamba karanga inayoonekana safi inaweza kuwa nayo. Hilo lilikuwa gumu kueleweka kuliko yote, na sina hakika kama lilieleweka.

Karibuni.

Mzee wa Newala

Marahaba, bwana shamba. Mimi nitasema ya korosho, na nianze kwa kusahihisha kidogo, kwamba huku kwetu wengi wetu hatutofautishi chuo na kituo cha utafiti cha Naliendele. Gari likija na watu wenye madaftari, sisi tunasema wataalamu wamefika.

Vijana wa leo hawakumbuki kwamba nchi hii ilivuna tani 145,000 hivi za korosho katika msimu wa 1973/74, na kwamba katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata 20,000. Bei ilichangia, kuhamishiwa vijijini na kuacha mashamba mbali kulichangia, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukamalizia, maua yakawa meupe kama yaliyomwagiwa unga wa muhogo na kukauka bila kushika. Salfa, ile dawa ya unga wa njano, ndiyo iliyoturudisha shambani.

Kijana mmoja wa chuo aliwahi kuwekwa kwangu Julai hadi Agosti. Alikuja na mwongozo unaosema salfa ya unga ipulizwe kila baada ya siku 14 na dawa ya maji kila baada ya siku 21, na alikuwa sahihi. Ila hakujua kwamba tunaanza saa kumi na moja alfajiri, upepo ukiwa umelala na umande ungali kwenye maua, ili unga ushike. Siku ya kwanza aliamka saa mbili, akanikuta naosha mashine. Siku ya pili alitangulia yeye kuamka. Nikimkumbuka, namwona na kope za njano, akikohoa, anahesabu vikonyo vyenye ugonjwa na visivyo na ugonjwa katika mti mmoja, kisha anakwenda mti mwingine. Hesabu ile ilinionyesha kuwa nilikuwa nachelewa mpulizo wa kwanza, jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nalitupia lawama duka la dawa.

Dada wa Kilwa

Shikamoo mzee. Sisi wa mwani kalenda yetu si ya mvua wala ya chuo, ni ya mwezi. Tunaingia shambani wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na vigingi vyetu na kamba zikabaki wazi. Wakufunzi walituletea mafunzo ya siku tatu, yote yakaangukia maji mafu, kwa hiyo tulijifunza kufunga tai-tai, zile kamba ndogo za kushikiza mwani, chini ya mwembe kutoka kwa watu ambao sisi tungeweza kuwafundisha. Tulikuwa na swali moja tu la kweli: kwa nini mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko aina ya spinosamu, unaoza miezi ya joto? Jibu lilikuja mwishoni, dakika chache kabla ya picha ya pamoja, kwamba maji ya kina kifupi hupata joto kupita kiasi na kwamba mwani huo uhamishiwe kwenye kina kirefu. Nani ana boti, nani anajua kuogelea? Hapo gari likawashwa.

Wa Nachingwea

Dodoso lile lile, mara nne, kuku wale wale. Mara ya nne nikataja na waliokwisha kufa.

Mhadhiri, mzaliwa wa Lindi

Naomba nijibu kwa upande wetu bila kujitetea sana. Marekani, sheria ya mwaka 1914 iliunganisha ugani na vyuo vikuu vya majimbo, kiasi kwamba afisa ugani wa wilaya ni mtu wa chuo na anaishi hapo mwaka mzima. Kwetu afisa ugani ni mwajiriwa wa halmashauri, na chuo huja kama mgeni, kwa fedha za mradi wenye mwanzo na mwisho. Mgeni huja anapopata nauli. Fedha zikichelewa miezi miwili, mafunzo ya kupanda yanafanyika wakati wa palizi, na ripoti itaandika kuwa yalifanyika. Nimewahi kuandika ripoti ya namna hiyo mimi mwenyewe. Ninachofanya sasa ni kumpigia bwana shamba kabla sijaandika andiko la mradi, wala si baada ya kupata fedha, na kumwomba anitajie wiki, sio mwezi.

Mama wa Nanyumbu

Mwalimu, kama ni hivyo nakutajia. Kikundi chetu tuko 22, tunalima karanga aina ya Pendo, ile iliyotoka Naliendele mwaka 1998, na tukipanda Januari tunang'oa katikati ya Aprili. Wiki mbili baada ya hapo ndipo zinapokuwa zinaanikwa. Turubai tunazo nne. Maji ya kunyunyizia tumeacha tangu tuliposikia habari ya Masasi, vidole vinauma kweli, na kama chuoni kuna mashine ya mkono ya kumenyea tungependa kuiona ikifanya kazi kwenye karanga zetu wenyewe.