Naongeza SSD kwenye Dell OptiPlex 7010 ya gemu: ninunue ipi, na gemu zangu zitahamaje?

WaFreeArea, Nakuru

Habari zenu wakubwa. Nina Dell OptiPlex 7010 ya mnara, zile kompyuta za ofisi zinazoletwa kutoka Uingereza zikiwa zimeshatumika. Prosesa ni i5-3470, RAM ni GB 8, na nimeiongezea kadi ya GTX 1050 Ti kwa sababu inakula umeme wa kwenye tundu lake tu, haitaki kebo nyingine. Diski ni ile ile iliyokuja nayo, ya kuzunguka, TB 1.

Shida ni kusubiri. Nikiwasha, Windows 10 inaonekana imefunguka lakini ukibonyeza kitu hakijibu, na Task Manager inasema diski iko asilimia 100. Kwenye GTA V ndiyo kabisa. Nikienda pole pole mji uko sawa, nikikanyaga mafuta barabara ya mbele inakuwa na ukungu, majengo yanachelewa kutokea, halafu picha inaganda kidogo. Mdogo wangu yuko likizo na tunagombania kompyuta, kwa hiyo kila dakika ya kusubiri ina mwenyewe.

Nataka SSD, ile diski isiyozunguka, na nina akiba ya shilingi elfu saba. Duka moja hapa mjini wamenionyesha SSD ya NVMe, ile nyembamba kama kipande cha chingamu, wakasema ndiyo ya kisasa. Duka lingine wana SSD ya TB 1 kwa 3,500, jina lake sijawahi kulisikia. Nichukue ipi? Na je, itabidi nipakue gemu upya? GTA peke yake imepita GB 100 na hapa nyumbani tunatumia bando.

Mzee_wa_Fremu, Eldoret

Chukua NVMe, usirudi nyuma. Kama bodi haina tundu lake, kuna adapta ya PCIe, tundu la aina ile ile ya kadi ya grafiki, unachomeka chini yake. NVMe ya kawaida inasoma MB 3,500 kwa sekunde, SSD ya SATA, ile ya kuunganishwa kwa kebo, inakwama kwenye 550. Hesabu ni rahisi.

FundiKondele, Kisumu

WaFreeArea, tafadhali usiinunue hiyo NVMe. Nina chumba cha gemu na ukarabati hapa Kondele, na OptiPlex za kizazi hicho ndizo nyingi zinazopita mezani kwangu, kwa hiyo acha nikueleze kwa urefu.

7010 ilitoka 2012. Bodi yake haina tundu la M.2, lile la kuchomekea NVMe. Adapta aliyoitaja Mzee_wa_Fremu ipo kweli, na Windows itaiona hiyo NVMe kama diski ya pili, lakini BIOS ya mashine hii, programu ya bodi inayoanzisha kompyuta, haijui kuwasha kompyuta kutoka NVMe. Wapo wanaoirekebisha BIOS yenyewe ili ikubali. Sitamshauri hivyo mtu mwenye kompyuta moja inayotumiwa na nyumba nzima, maana ikiharibika katikati ya kazi hiyo hamna kompyuta tena.

Sasa hizo MB 3,500. Ni kweli, lakini ni kwa kusoma faili moja kubwa kwa mfululizo. GTA haisomi hivyo. Ukiwa mbio barabarani inaokota vipande vidogo vidogo kutoka kila pembe ya diski: ukuta huu, taa ile, gari la pale. Diski yako ya kuzunguka, kama ni ya mizunguko 7,200 kwa dakika, sahani yake inachukua zaidi ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kabla ya hapo kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi mahali penyewe. SSD yoyote nzuri, hata ya SATA, hujibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hapo ndipo ukungu wako unapotoka. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA utaruka mto. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa gemu unazocheza na prosesa uliyo nayo, utahitaji saa mkononi ili uione tofauti.

Ila usitegemee fremu kwa sekunde ziongezeke. Hizo ni kazi ya kadi na prosesa. Kinachoondoka ni kuganda na kusubiri, na kwa maelezo yako hicho ndicho kinachokusumbua.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 480 au 500, ya jina linalojulikana: Kingston, Crucial, Samsung, WD. Usiogope habari za kwamba SSD "huisha". Kingston A400 ya GB 480 imekadiriwa kuandikwa TB 160. Ukiandika GB 40 kila siku ya Mungu, ni kama miaka kumi na moja, na wewe hutafika GB 40 kwa siku.

Hiyo TB 1 ya 3,500 iache dukani. Nimeletewa za namna hiyo, ukifungua ganda ndani unakuta kadi ndogo ya kumbukumbu imebandikwa kwa gundi, na programu yake imefundishwa kusema uongo kuwa ni TB 1. Inakubali faili, inakubali, halafu ikishajaa kwa ukweli inaanza kuandika juu ya zile za mwanzo. Hata ukinunua ya jina, siku ya kwanza kabla hujaweka chochote ipitishe programu ya H2testw. Inaijaza diski nzima kisha inasoma kila kitu tena kuhakikisha. Inachukua muda, mwache mdogo wako aende akacheze mpira. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, utazame saa ilizowahi kuwaka. Diski "mpya" yenye saa elfu kadhaa irudishe.

Kufunga ni kazi ya bisibisi. Toa waya ya ukutani, gusa chuma cha ganda utoe umeme tuli mwilini. Kama huna kebo za ziada, azima za kisomaji cha DVD, ya umeme na ya data, sidhani kama mna sidii mnazocheza. Lakini kebo ya data angalia inaingia wapi kwenye bodi. Chipu ya Q77 iliyo kwenye bodi yako ina milango miwili tu ya gigabiti 6 kwa sekunde, iliyobaki ni ya 3. Tafuta maandishi SATA0 na SATA1, SSD ikae kwenye mmojawapo. SSD haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo hata ukiishikiza kwa gundi ya utepe wa pande mbili haina neno.

Jirani_wa_Lurambi, Kakamega

Fundi amesema. Mimi naongeza mawili. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi i5 ya kizazi cha tatu. Kwa kuwa unaanza na diski tupu, fikiria Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. GTA V ya hadithi inacheza kupitia Steam, lile duka la gemu, lakini ile ya mtandaoni haikubali Linux tangu walipoweka BattlEye, kinga ya kuzuia wadanganyifu, Septemba 2024. La pili, usianze kuweka Windows mawingu yakiwa yameshakusanyika. Huku kwetu mvua ya jioni na stima ni maadui, na Nakuru nayo si salama.

WaFreeArea, Nakuru

Asante sana fundi, na wengine wote. Mdogo wangu hataki kusikia habari ya kuachana na GTA ya mtandaoni, kwa hiyo Windows itabaki. Nimepata Kingston ya GB 480 kwa bei iliyo ndani ya akiba yangu. Je, ninakili diski nzima kwenda mpya au nianze upya? Na hizo gemu?

FundiKondele, Kisumu

Anza upya. Diski yako ni TB 1 na mpya ni nusu yake, na Windows iliyopitia ofisi ya watu na mikono mingine imebeba takataka nyingi.

Kwanza save, yaani mahali mlipofikia kwenye gemu. Nenda Documents, Rockstar Games, GTA V, Profiles. Nakili folda hiyo kwenye flashi, pamoja na picha zenu na vyeti. Fanya hivyo leo, hata kabla ya kufungua ganda.

Halafu, na hili ndilo watu wanalipuuza: wakati wa kuweka Windows, chomoa kebo ya data ya diski ya zamani. Ukiiacha, Windows inaweza kuweka sehemu yake ya kuwashia kwenye ile ya zamani, na yenyewe ikakaa kwenye mpya. Siku ile ya zamani inapokufa, kompyuta haiwaki na SSD yako ni nzima kabisa. Washa ukibonyeza F12, chagua flashi ya kuwekea Windows, ile iliyo chini ya kichwa cha UEFI. Kabla ya hapo, kwenye BIOS (F2 ukiwasha), SATA Operation iwe AHCI. Ufunguo wa leseni ukiulizwa, ruka. Kama Windows yako ilikuwa imeamilishwa kidijitali, leseni inaitambua bodi na itarudi ukipata intaneti.

Ikishakuwa tayari, zima, rudisha kebo ya ile ya zamani. Weka Steam kwenye SSD. Chukua folda ya GTA kutoka steamapps, common ya diski ya zamani, inakili kwenye steamapps, common mpya, kisha ndiyo ubonyeze kuweka gemu. Steam itakuta faili zipo, itazikagua, na itapakua tu zinazokosekana. Bando lako litapona. Gemu za duka la Epic zina njia yao: anzisha kupakua, simamisha, nakili faili juu yake, endelea.

WaFreeArea, Nakuru

Fundi, imewaka! Mji unatokea wote, hata kwa ndege. Maswali mawili: Windows inaonyesha GB 447 badala ya 480, nimeibiwa? Na tangu nirudishe diski ya zamani, kompyuta inafungua Windows ya zamani nisipobonyeza F12.

FundiKondele, Kisumu

Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa 1,073,741,824. Ni nafasi ile ile, vipimo viwili.

Hilo la pili, ingia F2, General, Boot Sequence. Chagua UEFI, na Windows Boot Manager iwe juu kabisa, hifadhi. Usiiformati ile ya zamani bado. Mdogo wako afungue save zake zote kwanza, na wewe uipitishe CrystalDiskInfo. Imezunguka miaka kwenye ofisi ya watu. Ikionyesha rangi ya njano, usiwekee kitu usichoweza kukipakua tena.