Kuwasomea watoto "Alisi" kwa sauti: nisome neno kwa neno au nisimulie?

Mama wa Wawili
Habari zenu. Nina watoto wa miaka 5 na 8, na kila usiku kabla hawajalala huwasomea "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu", tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa mwaka 2015. Alisi alipotumbukia shimoni, akawa anaporomoka polepole hadi akapata nafasi ya kuchukua chupa rafuni na kuikuta tupu, walicheka wakaomba niirudie. Taabu ni Sungura. Mdogo amezoea Sungura mjanja wa hadithi za bibi yake, anayemhadaa Fisi na Simba, na huyu mwenye saa mfukoni, anayehangaika kwa kuchelewa, hamwelewi kabisa. Kila ukurasa hunikatiza: "Mama, atamdanganya nani?" Je, niendelee kusoma, au nifunge kitabu niwasimulie kwa maneno yangu?

Mwalimu wa Awali
Usikifunge, dada yangu. Hadithi hiyo yenyewe ilianza kwa mdomo: tarehe 4 Julai 1862 mwandishi wake, Lewis Carroll, aliwasimulia mabinti watatu wa familia ya Liddell wakiwa ndani ya mashua katika mto Thames, na kitabu hakikutoka hadi mwaka 1865. Mtoto anapokukatiza, mrudishie swali lake, "Wewe waonaje?", kisha endelea kusoma ili ukurasa umjibu. Nisichokipenda ni mzazi kusimama kila mstari kufafanua maneno, maana hapo hadithi hugeuka somo. Sura ziko 12, na kwa mtoto wa miaka 5 nusu sura kwa usiku yatosha.

Babu wa Pwani
Mimi nilimjua kwa jina la Elisi, katika tafsiri ya Conan-Davies ya mwaka 1940. Wajukuu wangu hawakai kitako mpaka niseme "Paukwa!" nao waitikie "Pakawa!", hata kama kitabu kimetoka Uingereza.

Mizaha mingine haivuki lugha. Panya anaposema hadithi yake ni ndefu na ya huzuni, Alisi anautazama mkia wake, kwa sababu kwa Kiingereza maneno ya "hadithi" na "mkia" hutamkwa sawasawa. Kwetu hayakaribiani hata kidogo. Hapo sielezi kitu: nashusha sauti na kuchora kwa kidole mkia unaojipinda mgongoni mwa mjukuu. Lakini mingine hunoga zaidi kwetu. Katika ile karamu ya chai, saa imeganda pale ambapo sisi tunapaita saa kumi na mbili jioni, na mjukuu wangu akauliza kwa mshangao, "Kwa hiyo, babu, magharibi haiingii kamwe?" Tuliliacha swali hilo hadi asubuhi.

Mama wa Wawili
Ahsanteni sana. Jana nilimrudishia mdogo swali lake kama alivyoshauri Mwalimu. Alinyamaza kidogo, akautazama mchoro, akasema, "Anaidanganya saa," kisha akaniamuru niendelee kusoma.