MJADALA: Satyajit Ray aliuza umaskini wa India kwa wageni?

Mkarafuu: Wakuu, mwaka 1980 mwigizaji Nargis akiwa mbunge wa Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India, alimshutumu mwongozaji filamu Ray kwamba anawaonyesha wageni umaskini wa India. Naona alikuwa na hoja. Tazameni filamu yake Pather Panchali: nyumba imebomoka, bibi kizee anafukuzwa, binti ananyeshewa na homa inamuua. Mnasemaje?

Kibatari: Nargis ndiye wa kusema hivyo? Kwenye filamu Mother India si yeye anayevuta plau kwa mabega, wanawe wana njaa? Kumbe umaskini wenye nyimbo ruksa. Ray aliweka rehani vito vya mkewe ili Pather Panchali isikwame, na serikali ya Bengal Magharibi ndiyo iliyoimalizia. Pesa ya nyumbani hiyo.

Mkarafuu: Pesa ya nyumbani, lakini onyesho la kwanza New York, Mei 1955, kwenye jumba la makumbusho la sanaa la MoMA! Nargis muacheni, marehemu hana wa kumjibia. Halafu msimkuze Ray bure. Filamu zenyewe kamera na jua tu, ufundi uko wapi?

Fundi Taa: Jua tu? Ndugu, hapo umetukana kazi ya mtu. Ua wa ile nyumba ya mji wa Benares kwenye Aparajito (1956), filamu inayoendeleza Pather Panchali, umejengwa ndani ya studio Kolkata. Walipanga kuujenga nje, mbunifu wa seti Bansi Chandragupta akahofia masika. Mpiga picha Subrata Mitra akatandaza kitambaa cheupe juu ya seti mahali pa anga, taa akazielekeza juu zigonge kitambaa, mwanga ukarudi chini umetawanyika. Ua wa namna ile, wenye kuta ndefu pande zote, jua haliufikii moja kwa moja, unapata mwanga wa anga tu, hauna kivuli kikali. Ukiwasha taa moja kwa moja, mtu mmoja anaangusha vivuli vitatu ukutani na uongo umejulikana.

Dada Lenzi: Na si rahisi kama inavyosikika. Mwanga ukishagonga kitambaa, mwingi unapotea, kwa hiyo unaongeza taa au unafungua lenzi. Ukiifungua sana, mwigizaji akisogea hatua moja uso unakuwa na ukungu. Kitambaa kikilegea, mwanga unaangukia sehemu moja zaidi ya nyingine. Kwenye filamu ya rangi kiwe cheupe kabisa, kikiwa na umanjano kidogo nyuso zote zinageuka.

Mkarafuu: Sawa, lakini hizo nakala mpya za dijitali za 4K zimesuguliwa mno, hata kwenye ule ua. Chembe za filamu, zile punje ndogo za picha, zimekwisha.

Negativu: Nani kakwambia? Negativu za filamu hizi, yaani filamu asilia zilizotoka kwenye kamera, ziliungua London mwaka 1993. Mafundi wa Bologna walizilainisha kwa dawa, wakajenga upya kwa mkono matundu ya pembeni, maana yakikatika mashine haiwezi kuivuta filamu. Karibu saa elfu moja za kazi. Kutoka kwenye negativu hizo Pather Panchali iliokolewa asilimia 40, Aparajito zaidi ya 60. Sehemu nyingine wakajaza kwa nakala za kizazi cha pili, zilizotolewa kwenye negativu zamani, na hizo ndizo zenye ulaini unaoulaumu. Apur Sansar, filamu ya tatu, vipande vilivyopona vilikuwa vimeharibika mno havikutumika, yote imetoka kwenye nakala. Chembe hazikufutwa na mtu.

Kibatari: Mada ilikuwa umaskini, wakuu. Mkarafuu, jibu la Mother India bado nalisubiri.

Mkarafuu: Nitajibu. Kwanza Negativu aseme: hivyo vipande vya kizazi cha pili kwenye Aparajito viko wapi? Maana ule ua wa Benares ndio niliousema mimi.