Bibi yangu si mbuzi, na yule mfamasia wa kliniki ya warfarini anajua hivyo

Ndugu wanajamvi, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Kila mwenye mgonjwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hapa Moshi anamjua ninayemsema, kwa hiyo jina lake sitalitaja. Leo asubuhi, mbele ya benchi zima la wagonjwa, amemwambia bibi yangu mwenye miaka 71: "Bibi, wewe ni mbuzi? Majani yote ya Kibosho umeyamaliza wewe?"

Mbuzi! Bibi mwenye vali ya chuma moyoni, aliyeamka saa tisa usiku ili awahi daladala ya kwanza, tumboni akiwa na chai ya rangi tu. INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilisoma 1.6, wakati kwa vali yake inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Damu ikiganda kwenye vali ni hatari kubwa, hilo silibishi. Ni kweli pia kwamba mnafu na mchicha vina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Lakini sisi tumekula mnafu tangu tulipoachishwa ziwa, na hakuna aliyewahi kumweleza bibi kwamba mboga hakukatazwa, ila ale kiasi kilekile wiki hadi wiki ili dozi ipangwe kulingana na chakula chake. Mfamasia anayeongoza kliniki amewekwa pale kwa ajili ya maneno hayo hasa, na badala yake akatamka mbuzi. Benchi likacheka, bibi akafunika uso kwa kanga, daftari lake likarushwa mezani likiwa na mwandiko ambao hata aliyeuandika hawezi kuusoma. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiuliza: "Mjukuu wangu, kwani mimi ni mbuzi?"

Mwana wa Majengo: Pole sana, ndugu. Mama yangu alipokwenda kwa huyohuyo hakuulizwa kama kuna dawa nyingine anayotumia, kumbe alikuwa amenunua Flagyl ya tumbo dukani, na Flagyl huipandisha INR. Fizi zilimtoka damu siku mbili.

Mzee wa Soweto: Mleta uzi, umeandika "mbuzi" mara nyingi na dozi hukuitaja hata mara moja. Bibi anameza miligramu ngapi sasa? Kama hujui, hasira yako haiisaidii vali.

Mleta uzi: Miligramu 6, mzee wangu, nimempigia nesi akanisomea. Hata hivyo, hakuwa na haki ya kumwita mbuzi.

Dada wa Sakina: Ninyi mmetukanwa mkiwa mmepimwa. Huku Arusha tumeambiwa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia INR, vimekwisha, turudi Jumatatu, na nauli ya kutoka Monduli imekwenda bure.

Mwana wa Majengo: Jumatatu ipi, dada? Shangazi yangu wa Usa River aliambiwa hivyo wiki iliyopita.