Mtoto hajaambiwa hali yake: mgeni wangu amuulizeje kuhusu dawa?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Hamjambo humu. Nilifundisha Kiswahili miaka 31, sasa napangisha chumba cha nyuma hapa Migosi. Tangu Februari anakaa humo daktari wa watoto kutoka Marekani, amekuja kwa miezi kumi kutafiti jinsi watoto wenye VVU wanavyomeza dawa zao. Jioni nne kwa wiki namfundisha lugha, yeye analipa umeme (ingawa taa inayowaka hadi saa nane usiku ni yake).

Wiki jana aliniomba nimtafsirie maswali ya kuwauliza watoto. Nikayaandika kama mtihani, sanifu kabisa. La tatu lilikuwa: "Je, wiki hii umewahi kukosa kumeza dawa yako ya virusi?" Akalisoma mbele ya mvulana wa miaka tisa. Nesi akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilishatoka. Mtoto akamgeukia nyanyake: "Dani, virusi gani? Si ulisema ni kifua?" Nyanya akaifunga kadi ya kliniki kwenye pindo la leso, akamshika mtoto mkono, wakaondoka bila dawa.

Daktari alirudi nyumbani, hakula. Kosa nalihesabu langu. Sarufi haikuwa na dosari, ila sikujua kwamba watoto wengi pale hawajaambiwa. Nyinyi mnaofanya kazi CCC, yaani kliniki za wenye VVU, au mliokulia huko, mnasemaje na mtoto wa umri huo?

Sista Zamu ya Usiku, Siaya

Pole Mwalimu, hata sisi wa hapa tumekanyagana sana chini ya meza. Kwanza toa "virusi" kwenye maswali yote ya watoto. Anza na "Unajua kwa nini unakuja hapa?" halafu unyamaze. Jibu lake litakuonyesha ameshajua kiasi gani. Dawa iite dawa tu, "ile ya jioni". Mimi hutumia vifuniko vya soda: vyekundu ni askari wa mwili, cheusi ni adui. Dawa inamlaza adui usingizi, siku ukikosa kumeza anaanza kuamka. Zamani nilikuwa nasema "mdudu", mpaka msichana mmoja akaniomba dawa ya minyoo ili atoke.

Kueleza nusunusu hivyo twaanza miaka mitano, sita hivi. Jina lenyewe huja baadaye. WHO ilitoa mwongozo mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aelezwe, na sisi twalenga akifika miaka kumi hadi kumi na miwili awe anajua. Ila mlezi hutangulizwa. Nyanya wengi wanaogopa swali linalofuata: "Niliipata wapi?" Hapo inabidi amtaje binti yake, na binti yuko kaburini nyuma ya nyumba.

Kijana wa Naks

Mimi niliambiwa ni pumu. Sikuwahi kukohoa! Dawa ya maji ilikuwa chungu ajabu, mama mdogo ananifuatishia kijiko cha sukari, chupa inakaa kwa friji ya jirani kwa sababu sisi hatukuwa nayo. Jirani naye kaambiwa pumu. Nikiwa darasa la sita nikaona jina la dawa yangu kwenye bango la VVU. Nilikaa nalo miezi mitatu kimya, dawa nikitupa chooni, nikingoja kufa. Mpaka leo kinachoniuma ni kwamba nyumba nzima ilijua, mimi mwenye mwili sijui.

Wadogo wa siku hizi wana nafuu. Tembe ya dolutegravir, dawa ya VVU, ile ya watoto inayeyushwa kwa maji, ina ladha ya stroberi, Kenya ilianza kuitoa 2021. Lakini huyo wa miaka tisa ameshasikia. Msirudi kumwambia ni kifua.

Mpita Njia

Miezi kumi anachukua damu, anaandika, anapanda ndege. Sisi tunabaki na nyanya aliyekasirika.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Mpita Njia, nimemwambia hivyo hivyo, hakubisha. Damu hachukui, kazi yake ni maswali na kuhesabu tembe zilizobaki kwenye kopo. Mlezi hutia sahihi kwanza, na akijitoa siku yoyote mtoto anaendelea kupata dawa. Lakini miezi kumi ni kumi kweli.

Sista, asante kwa vifuniko. Jana tumeketi sebuleni tukafuta maswali saba kati ya kumi na mawili. Ananiambia kule Eldoret, AMPATH, mpango wa kutibu na kutafiti VVU, walifanya utafiti mzima wa kuwaeleza watoto hali yao, wakauita HADITHI. Nimecheka: mwalimu wa Kiswahili kuletewa neno hilo na mtu wa ng'ambo. Swali la tatu sasa linasema, "Wiki hii kuna siku dawa ilikushinda?"

Kijana, maneno yako nimemsomea nesi. Alikuwa amemtuma mhudumu wa afya ya jamii apeleke dawa za mwezi huu. Nyanya alizipokea mlangoni, akauliza kama yule mzungu atakuwepo Jumanne. Hatujui anataka awepo au asiwepo.